Stesheni Juu ya Mlango wa Stoo

Mifano ya mkulima na mbegu zake tumesikia mingi katika kanisa hili, mpaka hata wale ambao hawajawahi kushika jembe sasa wanajua kupalilia. Leo naomba tutoke shambani. Mama mchungaji amenipa nafasi hii kabla ya matoleo, na ninajua wapo walioacha maharage jikoni, kwa hiyo sitazunguka.

Alikuwapo mtu mmoja aliyejenga reli juu ya mlango.

Mnacheka. Hata mkewe alicheka. Subirini.

Mtu huyu alikuwa mstaafu. Kina mama mnaojua mume aliyestaafu anavyokuwa nyumbani siku za mwanzo mnanielewa. Anafunua masufuria. Anauliza mbona chumvi inakaa huku. Anapanga upya vitu ambavyo havikuwa na shida yoyote. Mkewe alikuwa mshonaji, ana cherehani yake barazani na wateja wake, akaona huyu atanifukuzia watu. Akamwambia, "Mzee, tafuta kitu cha kufanya na mikono yako, la sivyo nitakupa vifungo ushone."

Basi mzee akaenda nyuma ya nyumba, akautoa mlango wa zamani wa stoo, ule ulioliwa na mchwa upande wa chini, akaulaza juu ya makreti ya soda. Akaupiga msasa. Kisha akakaa akiutazama, na alichokuwa anakiona pale juu hakikuwa mlango.

Mtu huyu alikulia stesheni. Baba yake alikuwa stesheni masta katika stesheni moja ndogo ya bara, mojawapo ya zile ambazo abiria akipita amesinzia hajui kama amezipita. Jengo moja la mawe, ghala, tangi la maji la tangu enzi za treni za moshi, na mstari wa kota za wafanyakazi zilizopakwa chokaa. Hapo ndipo yeye na mdogo wake wa kike walipopata akili. Waliijua treni kabla haijaonekana, kwa kulaza sikio juu ya reli. Waliijua kengele ya baba yao, ambayo haikuwa kengele bali kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya na kugongwa kwa nondo. Ikilia, hata walioko kisimani walijua sasa waharakishe. Waliijua harufu ya mafuta meusi inayotoka kwenye mataruma, zile mbao nene zinazobeba reli, jua linapowaka mchana. Mama yao alikuwa akiitia wanga sare nyeupe ya baba mpaka ikaweza kusimama peke yake. Na baba akisimama pale ukingoni na bendera yake ya kijani, treni nzima, na chuma chake chote na watu wake wote, inamtazama yeye.

Leo stesheni ile haipo. Treni zikipita hazisimami. Madirisha yamekwenda na waliokuwa wakiyahitaji, kota hazina mabati, na pale baba alipokuwa akisimama pameota majani ya mbuzi. Wengi wetu humu tuna mahali pa namna hiyo. Shule, soko, ua wa bibi. Ukienda kwa miguu humkuti mtu. Ukifumba macho unawakuta wote.

Ndiyo maana mzee akaanza kujenga. Si kwa ajili ya kuuza, wala hakuwa na mashindano na mtu. Aliomba spoko mbovu kwa fundi baiskeli, akazinyoosha, zikawa reli. Akakata vijiti vya mwanzi, akavipaka oili chafu, vikawa mataruma. Jengo la stesheni alilitengeneza kwa boksi la viatu, akalichora mawe yake moja moja kwa penseli. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki. Mota aliitoa kwenye redio ya kaseti iliyokuwa haiimbi tena, akaifunga ndani ya kichwa cha treni pamoja na betri zake. Shida ikawa magurudumu, maana gurudumu la treni lazima liwe na ukingo wa kulizuia lisiteleze nje ya reli.

Mkewe akatoka barazani.

"Mzee, bobini zangu ziko wapi?"

"Bobini gani?"

"Za cherehani. Zilikuwa kwenye kopo la hapa."

"Zimeazimwa."

"Na nani?"

"Na reli."

Mama akaenda nyuma ya nyumba kujionea. Akakuta bobini zake zote ziko chini ya makopo ya samaki, zinameta. Akasema mtu akimletea gauni siku ile atalishona kwa sindano ya mkono, na bili ataipeleka stesheni. Lakini hakuzichukua. Siku treni ilipozunguka mlango mzima kwa mara ya kwanza bila kuanguka, alikuwa amesimama pale pale, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

"Inazunguka."

"Kwa hiyo haifiki."

"Ni ya kuchezea tu, mke wangu."

"Sijasema kitu. Nimeuliza tu kama inafika."

Wapendwa, mama huyu alijua anachokiuliza. Kulikuwa na mahali ambapo mume wake alikuwa hafiki, na ilikuwa imepita miaka mingi.

Nimewaambia alikuwa na mdogo wake wa kike. Hawakuwa wakizungumza. Mama yao alipofariki, mtu huyu alikuwa karibu, akafika msibani kwanza. Dada alikuwa ameolewa mkoa wa mbali, na zilikuwa siku za mvua kubwa. Akatuma ujumbe: nipo njiani, barabara imekatika, naomba mningoje nimwone mama. Kaka ndiye mkubwa, neno ni lake. Wazee wa ukoo wakamwambia mawingu yanakuja, kaburi litajaa maji, watu wamechoka. Akatazama juu, akatazama watu, akasema, "Tuzike."

Dada alifika jioni, matope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na kanga mpya, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, ya kumfunika mama yake. Akakuta udongo.

Pale pale, mbele ya wazee, akamwambia kaka yake, "Leo baba asingekupa bendera."

Maneno ya bendera wale wazee hawakuyaelewa. Wao waliona tu mwanamke anamfokea kaka yake msibani. Kaka mwenyewe aliyaelewa nusu, na nusu aliyoielewa ilimtosha kukasirika. Tangu siku hiyo yeye akasema, "Mimi ni mkubwa. Amenivunjia heshima, aje aniombe radhi." Na dada huko aliko akasema, "Hakuningoja. Aje yeye." Harusi za watoto wao zikapita. Huyu anatuma mchele, yule anatuma vitenge, ana kwa ana hakuna. Ninyi hamjawahi kuona jambo kama hilo, najua. Ni huko tu kwa watu wa reli.

Turudi kwenye mlango. Mzee alifika mahali akakwama. Alitaka kuweka tangi la maji, na hakukumbuka lilikuwa upande gani. Akifumba macho lilikuwa upande wa ghala. Akifumbua lilikuwa limehamia upande wa kota. Alikaa na tangi lake mkononi, kopo la maziwa lililopakwa rangi, siku nzima. Angemuuliza nani? Baba hayupo. Mama hayupo. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu mwenye stesheni ile ile kichwani.

"Mpigie wifi," mkewe akasema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Nimpigie kwa ajili ya tangi?"

"Kwani una sababu nyingine? Ungekuwa nayo ungekwisha piga."

Akapiga.

"Haloo."

"Mimi hapa."

"Najua ni wewe. Amekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Tangi la maji pale stesheni lilikuwa upande gani, wa kota au wa ghala?"

Mzee akaitazama simu kama imekatika.

"Umenipigia kuniuliza tangi."

"Ndiyo."

"Upande wa ghala. Upande wa kota palikuwa na kichanja cha mama cha vyombo." Akakata.

Tangi likawekwa upande wa ghala. Siku nyingine mzee akapiga kuuliza milango ya kota ilikuwa rangi gani. "Ya kijani. Baba aliipaka kwa rangi iliyobaki kwenye mabehewa, umesahau mama alivyogomba?" Siku nyingine akauliza kuhusu madirisha ya ghala. Majibu yakaanza kurefuka. Kisha siku moja dada akapiga mwenyewe: "Umeweka mbuzi wa yule mzee aliyekuwa anageuza reli? Alikuwa anawafunga kwenye nguzo ya taa, na baba anapiga kelele kila siku." Akakata kabla hajajibiwa.

Mke wa mzee akashindwa kuvumilia. "Ninyi mnaongea kama ofisi mbili za serikali. Hakuna hata habari za nyumbani?"

"Tutafika huko."

"Kama treni yako?"

Mzee akarudi kwenye mlango wake. Lakini alipomaliza kuweka mbuzi, na bustani ndogo ya maua mbele ya stesheni, bustani nzuri kuliko vyote alivyotengeneza, alipiga simu tena. Akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Stesheni imekamilika. Siku ukipata nafasi, pita uione."

Ninyi mnaojua wanaume wa aina hiyo mnajua lile neno lilimgharimu nini.

Dada akauliza, "Njia ya pembeni umeiweka?"

Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawakukulia kwenye reli. Njia yenyewe ni moja. Treni ya kutoka huku na treni ya kutoka kule zinapita juu ya reli zile zile, na treni haiwezi kukwepa majanini kama baiskeli. Kwa hiyo stesheni huwa na reli ya pili fupi, kando ya ile kubwa. Treni moja inaingia pale pembeni, inangoja, nyingine inapita. Bila njia ya pembeni ni moja kati ya mawili: arudi mmoja, au wagongane.

Na ile njia ya pembeni ilikuwa na jambo lingine kwa watoto wale wawili. Treni inayopita hainunui kitu. Treni inayongoja ndiyo inayonunua. Ikiingia pembeni, abiria wanashuka, wananyoosha migongo, wananawisha watoto, na mama yao alikuwa pale kati ya reli mbili na beseni lake la mihogo ya kuchemsha na birika lake la chai. Viatu vya shule vya watoto wale vilitoka kwenye kungoja kwa watu wengine.

"Sikuiweka," mzee akasema. "Hii ni ya kuchezea tu. Treni yenyewe ni moja, inazunguka."

"Na mama umemkalisha wapi?"

Mzee akautazama mlango wake, reli moja na bustani.

"Basi hiyo si stesheni, kaka," dada akasema. "Hilo ni duara." Akakata.

Mzee alikasirika. Kazi yote ile, halafu mtu ambaye hajaitia hata machoni anaiita duara. Lakini wakati huo huo kuna neno lilikuwa limebaki sikioni mwake. Alikuwa amemwita kaka. Tangu msiba ule hakuwa amemwita hivyo.

Akarudi kwenye mlango na kisu. Na hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana njia ya pembeni haiongezwi juu ya kilichopo. Inahitaji nafasi, na nafasi ilikuwa imekaliwa na ile bustani yake. Akaing'oa. Gundi ilikuwa imekaza, maua yakatoka na vipande vya mlango. Akalaza reli mpya. Mahali pa kugawanyika akatengeneza kipande kirefu cha reli juu ya ubao mwembamba, kimepigiliwa msumari mmoja upande mmoja ili upande wa pili uchezeke, ukisukuma huku treni inakwenda njia kubwa, ukisukuma kule inaingia pembeni. Kwa kuwa njia ya kungojea haina maana kama treni ni moja, akatengeneza ya pili, ya mizigo, kwa viberiti vitupu. Mota hakuwa nayo, ilisukumwa kwa kidole. Mwisho akachukua kipande cha mshumaa, akaomba kwa mkewe kitambaa cha kanga chakavu, akamfanya mama. Akamkalisha kati ya reli mbili na kifuniko cha chupa, beseni lake.

Sasa akazijaribu. Treni ya abiria ikaja kwa mota kutoka upande huu. Yeye akaisukuma ya mizigo kwa kidole kutoka upande ule. Zikakutana mbele ya stesheni, pua kwa pua, magurudumu ya bobini yakizunguka bure. Akajiuliza: ni ipi inaingia pembeni?

Hapo ndipo mikono yake ilipokumbuka.

Walipokuwa wadogo walikuwa na mchezo. Yeye treni moja, mdogo wake treni nyingine, wanatoka pembe mbili za kota wanakimbia kwa miguu, tuku tuku tuku, mpaka mbele ya ofisi ya baba. Baba anatoka mlangoni, mzito, sare yake imesimama, anauliza:

"Nani kafika kwanza?"

"Mimi, baba!" Alikuwa yeye kila siku, kwa sababu alikuwa mkubwa na miguu yake mirefu.

"Vizuri. Ingia pembeni, umngoje mwenzako."

Akalia machozi siku ya kwanza. "Lakini mimi ndiye nimeshinda!"

"Hii si mbio, mwanangu, ni reli. Aliyefika ameshafika, yuko salama. Aliyeko njiani ndiye hatujui yamempata nini. Anayefika kwanza ndiye anayeingia pembeni."

Kisha baba, ambaye bendera yake hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, alikuwa akiitoa kwapani na kumpa yule anayengoja, aipeperushe, mwenzake apite. Anayengoja ndiye anayepewa bendera.

*Leo baba asingekupa bendera.*

Mzee akazima mota. Akakaa pale mpaka chai aliyoletewa ikapoa ikaota ngozi. Kisha akaingia ndani akamwambia mkewe, "Nipigie pasi lile shati jeupe. Kesho nasafiri."

"Unakwenda wapi?"

"Nilifika kwanza," akasema.

"Ulifika kwanza wapi?"

"Msibani."

Mkewe alimtazama. Ni mwanamke wa maneno mengi yule, mmeshamsikia. Safari hii aliweka tu makaa kwenye pasi.

Asubuhi mapema mzee akapanda basi. Ni safari ya kutwa. Alipofika kwa mdogo wake alimkuta shemeji yake uani, anasuka upya kiti cha kamba.

"Shemeji!" yule bwana akasimama, kamba zikaanguka. "Shemeji, ni wewe? Karibu, karibu. Lakini mbona hukusema? Mwenyewe hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Kwako! Ametoka alfajiri. Amesema anakwenda kutazama hao mbuzi umewafunga nguzo gani."

Walikuwa wamepishana barabarani. Mahali fulani katikati ya nchi hii mabasi mawili yalipita ubavu kwa ubavu, na ndani ya kila moja alikuwamo mtu mzima wa mvi anajisemesha atakavyoanza kuongea. Shemeji alicheka mpaka akashika kiuno. Mzee hakucheka. Akapewa chai. Alipomaliza kikombe, simu ikalia.

"Kaka, uko wapi?"

"Kwako. Nimekalia kiti cha shemeji, hakina kamba."

Kikatoka kicheko kile kile cha kotani, kile cha mtoto aliyeziba mdomo kwa kiganja. Kilipokwisha, sauti ilikuwa imebadilika.

"Nimeiona njia ya pembeni."

"Ndiyo."

"Na mama nimemwona. Umemkalisha upande wa jua. Nimemhamisha, alikuwa anakaa kwenye kivuli cha ghala."

"Sawa."

"Hapo umefika sasa hivi?"

"Chai nimekwisha kunywa."

"Mimi hata mzigo sijautua. Basi wewe ndiye uliyefika kwanza."

"Mimi ndiye niliyefika kwanza," mzee akasema, na si chai wala basi alilokuwa analizungumzia, na yule wa upande wa pili alijua.

"Basi ningoje, kaka. Nakuja."

"Nitakungoja, mdogo wangu. Mvua inyeshe, isinyeshe."

Mfano umeishia hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Sisi watu tunapenda sana kufika kwanza. Mama mkwe alifika kwanza katika maisha ya mwanawe, basi mke aliyekuja juzi lazima amjue. Mzaliwa wa kwanza alifika kwanza, basi wadogo waje kwake, yeye haendi. Tuliookoka kwanza tunamtazama aliyeingia Jumapili iliyopita, tunatazama kilemba chake na mahali alipokaa, kumbe amekalia kiti changu. Kufika kwanza tumekufanya haki ya kupita. Yule stesheni masta alikuwa amekufanya zamu ya kungoja. Mniambie, ni katika nyumba gani kati ya hizo mbili mngependa kuzaliwa?

Tena tumejenga maisha yetu kama ule mlango ulivyokuwa mwanzo. Reli moja, bustani nzuri mbele, na kila kitu kinazunguka. Hakuna mahali pa mtu mwingine kupita. Tukiambiwa tutengeneze nafasi, tunasema haipo. Ipo, mama. Imekaliwa na ua unalolipenda. Lile ua ni "mimi ni mkubwa." Ukiling'oa litatoka na kipande cha mlango, sitakudanganya. Litauma.

Ila msifurahi mno kwa ule mwisho. Nimewaona mnatabasamu. Yule dada hakumwona mama yake. Hilo hakuna aliyelirudisha, si mota ya redio wala safari ya basi. Mzee aliketi uani kwa shemeji akangoja kwa moyo wote, lakini kungoja alikotakiwa kungoja kulikwisha kupita, na kulikuwa ni mpaka jioni tu. Jioni moja. Watu wazima wawili walilipa kwa miaka. Kwa hiyo yule mwenye kusema "nitamtafuta baada ya mavuno," "nitamtafuta mtoto akimaliza shule," amsikilize mtu huyu.

Na kama unadhani nakutaka kitu kigumu ambacho hakuna aliyekifanya, kumbuka Bwana wetu alifika kabla yetu sote. Kabla ya bibi zetu. Ni nani humu, siku aliyokwenda kwake na matope yake mpaka magotini, aliyekuta amekwisha kuondoka?

Vikapu vya matoleo vinakuja sasa. Lile neno la kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kwanza kwa ndugu yako tumelikariri tangu shule ya Jumapili, kwa hiyo sina la kuongeza. Nina swali tu, na si langu, ni la yule baba wa sare nyeupe. Mfikirie yule mtu. Unamjua. Yule ambaye mnatumiana mchele.

Nani kafika kwanza?

Kama jibu ni "mimi," usilitamke kama aliyeshinda. Ingia pembeni. Shika bendera.